Tarehe nne: uzi kuhusu mashirika yanayookolewa na serikali, na kwa nini lawama hazipati mwenyewe

1/
Jumapili iliyopita, nyumbani kwetu Kileleshwa, chakula kilipoa mezani kwa sababu ya benki. Baba na mjomba walianza na bei ya unga, wakaingia kwenye ushuru, halafu wakafika pale wanapofikaga kila mara: nani aliyetuachia madeni. Baba ana upande wake, mjomba ana wake. Majina ya vyama na ya watu sitataja, mnajua kanuni ya nyuzi zangu. Tunaongea kuhusu mambo, si watu.

2/
Mjomba akasema: "Shemeji, ni serikali yenu iliyomwaga mabilioni ya walipa ushuru National Bank." Baba akajibu: "Tulilipa deni mliloacha nyinyi. Nani aliikausha?"

Mimi nilikuwa nasikiliza tu. Kilichonishangaza ni kwamba hakuna aliyekuwa anadanganya. Baba alikuwa anazungumzia miaka ya tisini. Mjomba alikuwa anazungumzia 2007. Benki ni ile ile, miaka tofauti, na kila mmoja amechukua mwaka unaomfaa.

3/
Nimefikiria hilo jambo wiki nzima, ndiyo sababu ya uzi huu. Hoja yangu ni moja. Kila shirika linalookolewa na serikali lina tarehe nne:

– siku pesa zilipokopeshwa au kutumiwa vibaya;
– siku serikali ilipoweka dhamana, yaani iliposema "huyu akishindwa, nitalipa mimi";
– siku mambo yalipoharibika hadharani;
– siku mlipa ushuru alipolipa.

Kenya, tarehe hizo nne karibu kila mara zinaangukia serikali tofauti. Kwa hivyo kila mwanasiasa ana tarehe ya kumtupia mwenzake, na anayo ya kuficha.

4/
Tarehe inayosahaulika zaidi ni ya pili. Kama uko kwenye sacco unaielewa vizuri. Rafiki anakuja na fomu ya mkopo, anakuomba usimame mdhamini. Siku unayotia saini hutoi hata shilingi. Unaenda zako, unasahau. Miaka miwili baadaye yeye ameacha kulipa, sacco inaanza kukata akiba yako, na wewe unashangaa: "Mimi nilikopa lini?"

Hukukopa. Ulitia saini.

5/
Serikali nayo hufanya vivyo hivyo, ila fomu ni kubwa zaidi, na anayekatwa siye aliyetia saini. Anayekatwa ni wewe na mimi.

Twende kwa National Bank of Kenya kwanza, kwa sababu hiyo ndiyo ilipoza chakula chetu.

6/
NBK ilianzishwa 1968, miaka mitano tu baada ya Uhuru, ikiwa mali ya serikali asilimia mia moja. Nia ilikuwa njema: Wakenya wapate mikopo ambayo benki za kigeni zilikuwa zinawanyima. Mwaka 1994, na tena 1996, serikali iliuza sehemu ya hisa kwa umma kupitia soko la hisa la Nairobi. Lakini kuuza hisa hakukubadilisha mteja mkubwa alikuwa nani. Mashirika ya serikali yalikuwa yanakopa hapo, na watu wenye majina mazito pia walikuwa wanakopa hapo.

7/
Hiyo ndiyo tarehe ya kwanza: miaka ya themanini na tisini. Mikopo ilitolewa kwa kuangalia nani anaomba badala ya kuangalia atalipa vipi. Na kwa mashirika ya serikali, nyuma ya mikopo kulikuwa na dhamana ya serikali. Hiyo ndiyo tarehe ya pili, na nina hakika hakuna mtu aliyeandamana siku hiyo. Hakuna anayeandamana kwa sababu ya saini kwenye karatasi.

8/
Tarehe ya tatu: 1998. Ule mwaka ulikuwa mbaya kwa benki za Kenya. Trust Bank ilianguka, na nyingine kadhaa ndogo zikafuata. Hofu ikaenea. Wenye akaunti NBK wakaanza kukimbilia pesa zao, foleni zikawa ndefu. Benki ikaja kujulikana ilivyokuwa: sehemu kubwa ya mikopo yake ilikuwa mibovu, hailipwi.

9/
Hapa serikali ilikuwa na chaguo mbili, na zote ni chungu. Iache benki ianguke, na walimu, askari na wafanyabiashara wadogo wapoteze akiba. Au iingize pesa za umma iiokoe, na wale waliokopa bila kulipa waendelee kulala usingizi.

Iliiokoa. Sisemi ilikosea. Kama ungekuwa kwenye ile foleni ya 1998, ungeomba Mungu serikali iingilie. Swali langu ni lingine: iliiokoa kwa pesa za nani?

10/
Jibu: za Hazina, na za NSSF. Yaani pesa za uzeeni za wafanyakazi. NSSF ndiyo iliyokuja kuwa mwenye hisa mkubwa zaidi NBK, karibu asilimia 48 ya hisa za kawaida. Hazina ilikuwa na zaidi ya asilimia 22. Juu ya hizo, wote wawili walishika pia hisa za upendeleo, za zaidi ya shilingi bilioni 5 kwa jumla.

Nilipofika hapa katika kusoma kwangu, nilimkumbuka mama. Amekatwa NSSF kwenye mshahara tangu kabla sijazaliwa. Jumapili ile baba na mjomba waligombana kuhusu NBK karibu saa nzima, na hakuna aliyemgeukia mama akasema, "Kumbe wewe ndiye ulikuwa mwenye benki."

11/
Desemba 2002 utawala ukabadilika. Serikali mpya ikaja na ahadi ya kusafisha. Lakini mikopo mibovu haiangalii kalenda ya uchaguzi. Ilikuwa bado imekaa pale kwenye vitabu vya NBK.

Tarehe ya nne ikafika 2007. Serikali iliipa NBK bondi za shilingi bilioni 20, kufidia madeni ambayo serikali ilikuwa imeyadhamini.

12/
Wengi hawaelewi bondi inaokoaje benki, kwa hivyo nieleze kidogo. Benki ilikuwa na karatasi inayosema "shirika fulani lina deni letu", na shirika lenyewe halilipi. Serikali inachukua ile karatasi mbovu, inatoa karatasi nzuri: "Serikali ya Kenya ina deni lenu, na itawalipa na riba." Siku hiyo hakuna lori la pesa linalotoka Hazina kwenda Harambee Avenue. Ni karatasi zimebadilishana mikono. Lakini kuanzia siku hiyo, mlipa ushuru anatoa riba, mwaka baada ya mwaka, na mwishowe anatoa deni lenyewe.

13/
Ndiyo maana hakuna anayehisi uchungu kwa wakati. Ushuru wa mafuta ukipanda, unahisi petroli ikiongezwa bei usiku ule ule. Bondi ikitolewa huhisi kitu. Unakuja kuihisi miaka mingi baadaye, kama pengo kwenye bajeti: dawa hakuna, daraja halijaisha. Na wakati huo, aliyetia saini amestaafu au amehama chama.

14/
Sasa rudi mezani kwetu Kileleshwa.

Baba anasema: "Mlikausha nyinyi." Tarehe ya kwanza na ya pili. Kweli.
Mjomba anasema: "Mlilipa nyinyi." Tarehe ya nne. Kweli.

Hakuna mmoja aliyeuliza: walioshindwa kulipa ile mikopo, walifuatwa? Mali yao iliuzwa? Hilo ndilo swali linalokosa mwenyewe pande zote zikiwa zinapigiana kelele. Na huyo aliyekopa bila kulipa, siku mkigombana kuhusu serikali, yeye anafurahi. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

15/
Kuna jambo lingine ambalo baba hakulipenda nilipomwambia. Serikali iliyoingia 2003 ilikuwa na mawaziri ambao walikuwa mawaziri wa serikali ya zamani hadi miezi michache tu kabla ya uchaguzi. Walihama chama, si serikali. Kwa hivyo "sisi" na "nyinyi" za baba na mjomba zina shida. Baadhi ya "nyinyi" walikuwa wamehamia "sisi" na kuapishwa upya.

Katika nchi ambazo vyama vinaishi miaka mia, unaweza kusema chama fulani kilifanya jambo fulani. Kwetu vyama vinazaliwa na kufa na uchaguzi. Ukikilaumu chama, unalaumu jina lililofutwa, huku watu wake wamekaa viti vya mbele vya chama kipya, wakipiga makofi lawama zikisomwa.

16/
Na NBK je? Mwaka 2019 ilichukuliwa na KCB, kwa kubadilishana hisa: hisa 10 za NBK kwa hisa 1 ya KCB. Wabunge wakalalamika kwamba bei ni ya chini. Mwaka 2025 ikauzwa tena, kwa Access Bank ya Nigeria. Benki iliyoundwa kuwakopesha Wakenya wanaonyimwa mikopo na benki za kigeni ikaishia kuwa mali ya benki ya kigeni. Sisemi ni vibaya, huenda itaendeshwa vizuri zaidi. Nasema tu hiyo ni safari ndefu, na kila kituo kilikuwa na serikali yake.

17/
Kuna watu watasema, "Hiyo ni hadithi ya zamani." Sawa. Tuje kwa ndege.

Kenya Airways ilibinafsishwa 1996, na kwa miaka kadhaa ilikuwa fahari yetu. Mwaka 2012 ilikuwa na mpango mkubwa wa kupanuka: ndege mpya, safari mpya. Ikawaomba wenye hisa waongeze pesa. Ilitaka zaidi ya shilingi bilioni 20, ikapata kama bilioni 14.5. Serikali ilikuwa mmoja wa waliongeza, na hisa zake zikapanda hadi karibu asilimia 30.

Hiyo ndiyo tarehe ya kwanza. Serikali ya wakati huo ilikuwa ya muungano. Kambi zote mbili kubwa zilikuwa na mawaziri ndani ya baraza moja. Kwa hivyo upande wowote unaosema leo "sisi hatukuwepo", ulikuwepo.

18/
Tarehe ya tatu hapa ilikuja kabla ya ya pili, angalieni vizuri. Mwaka 2013 uwanja wa JKIA ukaungua Agosti, na Septemba shambulio la Westgate likatokea. Watalii wakapungua. Mwaka 2014 Ebola ikaja Afrika Magharibi, na shirika likasimamisha baadhi ya safari za huko. Na katikati ya hayo yote, ndege kubwa mpya zikaanza kuwasili, kila moja na deni lake.

Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015: hasara ya shilingi bilioni 25.7. Uliofuata: bilioni 26.2. Kufikia hapo serikali ilikuwa nyingine, na Seneti ikaunda kamati ya kuchunguza.

19/
Sikilizeni lawama za wakati huo. Upande mmoja: "Ni ugaidi, ni Ebola, ni moto." Upande mwingine: "Ni wizi na usimamizi mbovu." Tena, pande zote zilikuwa na kitu. Moto ulikuwepo, Ebola ilikuwepo. Lakini majirani zetu Ethiopia walipaa katika anga ile ile, na Ebola ile ile, na wakazidi kukua. Kwa hivyo bahati mbaya peke yake haielezi kila kitu.

20/
Halafu 2017 serikali ikaweka saini. Dhamana ya dola milioni 750: milioni 525 kwa deni la benki ya Exim ya Marekani, iliyofadhili ndege, na milioni 225 kwa benki za hapa nchini. Kwa bei ya dola ya wakati huo, ni kama shilingi bilioni 77. Sehemu ya madeni mengine ikageuzwa kuwa hisa. Serikali ikafika asilimia 48.9, benki za hapa zikapata asilimia 38.1, KLM ikashuka hadi 7.8. Wananchi waliokuwa wamenunua hisa kwa akiba zao wakabaki na kipande kidogo kabisa.

Je, mnakumbuka mjadala mkubwa wa kitaifa kuhusu dhamana hiyo? Mimi nilikuwa shule wakati huo, lakini nimewauliza watu wazima. Mwaka wenyewe ulikuwa wa uchaguzi mara mbili. Kila mtu alikuwa anaongea kuhusu sava na fomu za matokeo. Dola milioni 750 zikapita kimya.

21/
Halafu korona ikaja 2020 na ndege zikalala chini. Shirika likashindwa kulipa. Mwaka 2022 lilipata hasara ya bilioni 38.3, na dhamana ikaitwa: Hazina ikaanza kulipa lile deni la ndege. Tarehe ya nne. Na mwaka huo huo, serikali ikabadilika tena.

Kwa hivyo: mpango ni wa serikali ya kwanza, hasara na dhamana ni za serikali ya pili, malipo yameendelea hadi kwa ya tatu. Na ndani ya zote tatu kuna majina yaleyale, yamebadilisha viti tu.

22/
Kuna ubaya mwingine ambao hausemwi kwenye mikutano. Dhamana ilikuwa ya dola. Kila dola milioni 100 za deni zilikuwa shilingi bilioni 10.3 mwaka 2017. Mapema 2024 dola ilipopita shilingi 160, zile milioni 100 zikawa bilioni 16. Hakuna aliyekopa zaidi. Hakuna ndege iliyoongezwa. Deni limenenepa likiwa limelala.

Mwaka 2024 KQ ilipata faida ya bilioni 5.4, ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi, na mara moja kukawa na foleni ya viongozi wa kujipongeza. Hasara inatafuta baba, hapati. Faida ikitokea, baba wanajaa chumba.

23/
Msidhani ni sisi tu. Marekani, Oktoba 2008, benki zao kubwa zilipokuwa zinaanguka, rais aliyekuwa anamaliza muhula wake alitia saini sheria ya kuziokoa kwa dola bilioni 700. Baraza la Wawakilishi lilikuwa limeikataa kwanza mwishoni mwa Septemba, likaipitisha siku chache baadaye. Wagombea wote wawili wa urais mwaka huo walikuwa maseneta, na wote wawili walipiga kura ya ndiyo.

Rais mpya wa chama kingine aliapishwa Januari 2009. Julai 2010, kura ya maoni ya Pew iliuliza Wamarekani: nani alitia saini ile sheria? Asilimia 47 wakasema ni rais mpya. Asilimia 34 tu ndio walijibu sawasawa.

24/
Miaka miwili haijaisha, na karibu nusu ya watu wamesahau nani alitia saini. Na hao wana televisheni za habari saa ishirini na nne. Sasa fikiria sisi, ambao kati ya dhamana na malipo tunaweza kukaa miaka kumi.

Tofauti moja: kule, daftari liliwekwa wazi, benki gani imechukua ngapi na imerudisha ngapi. Benki zenyewe, kwa jumla, zilirudisha zaidi ya zilichopewa. Unaweza bado kubishana kama ilikuwa haki, na watu wa kawaida waliopoteza nyumba wana haki ya kukasirika. Lakini unabishana ukiwa na hesabu mkononi.

25/
"Kwa hivyo unasema tuache mashirika yaanguke?"

Hapana. Mwaka 2015 Imperial Bank ilifungwa, 2016 Chase Bank ikafuata. Sheria ya wakati huo ilimlinda mwenye akaunti hadi shilingi 100,000 tu (baadaye, 2020, ikapandishwa hadi 500,000). Watu walikaa miaka wakisubiri akiba zao. Biashara zilikufa. Kuacha benki ianguke pia kuna gharama, na gharama hiyo inaangukia mtu asiyekuwa na kosa.

Lakini kuokoa bila kuuliza pia hakuponyi. Mumias Sugar ilipewa pesa za umma mara kadhaa, na bado 2019 ikawekwa chini ya meneja mrasimu. Wakulima wa miwa walikosa pesa zao wakati wa kuokolewa na baada ya kuokolewa.

26/
Kwa hivyo swali la kijinga ni "kuokoa au kutookoa?" Maswali ya maana ni haya, na ningependa mwanasiasa yeyote akianza kelele kwenye redio, mumuulize kwa mpangilio:

a) Mkopo ulitolewa lini, na nani aliidhinisha?
b) Dhamana ilitiwa saini lini? Bunge liliipitisha?
c) Wewe ulikuwa wapi tarehe hiyo? Si chama chako. Wewe.
d) Waliokopa na kutolipa ni nani, na wamefanywa nini?
e) Pesa ya kuokoa imetoka mfuko gani? Ushuru, au akiba ya mtu kama NSSF?

27/
Swali la (b) tuna silaha yake, na hatuitumii. Katiba ya 2010, Kifungu cha 213, inaitaka serikali ya kitaifa ichapishe ripoti ya dhamana zote ilizotoa mwaka huo, ndani ya miezi miwili baada ya mwaka wa fedha kuisha. Mwaka wa fedha unaisha Juni 30. Yaani kufikia mwisho wa Agosti, kila mwaka, ripoti inafaa iwe nje. Kifungu cha 214 kinasema deni la taifa si lile tulilokopa peke yake, ni pamoja na lile tulilodhamini. Na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka Bunge liidhinishe dhamana kabla haijatolewa.

Kwa hivyo tarehe ya pili, ile iliyokuwa inafichwa kwenye miaka ya tisini, sasa ni ya hadharani kisheria. Shida ni kwamba Agosti hakuna anayeitafuta. Tunasubiri tarehe ya nne, ndipo tunaanza kupiga kelele.

28/
Nilimweleza baba na mjomba haya yote Jumatano jioni. Baba akasema, "Kwa hivyo unataka kusema wote ni wamoja." Nikamwambia hapana baba, sisemi hivyo. Kuna serikali iliyokopesha ovyo na kuna serikali iliyolipa, na si kosa moja. Aliyewasha moto na aliyekuja na ndoo hawafanani, hata kama mwenye ndoo alimwaga maji ya jirani bila kumuuliza. Kila mtu abebe tarehe yake. Tatizo ni kwamba kila upande unataka kubeba ile ya mwenzake tu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mjomba akacheka, akasema vijana wa siku hizi wanasoma sana na hawapigi kura. Hapo alinishika, nakubali.

29/
Mama ndiye aliyeuliza swali la maana. Alikuwa anapanga vyombo, hata hakugeuka. "Na hizo pesa za NSSF, zilirudi?"

Nilimwambia kwamba NSSF ilipata hisa za KCB badala ya za NBK. Akauliza kama thamani yake ni sawa na kilichoingia tangu 1998, ukihesabu na miaka yote ile. Nikaanza kueleza kuhusu hisa kumi kwa moja. Akanikatiza: "Sijauliza hisa ngapi. Nimeuliza kama zilirudi."

30/
Wiki hii mtasikia tena mtu kwenye redio akisema "serikali iliyopita ilitumbukiza nchi kwenye deni", na mwingine akijibu "nyinyi ndio mnalipa kiholela". Kabla hujashangilia wako, chukua karatasi, chora mistari minne, uweke tarehe. Kama una kumbukumbu ya shirika lingine lililookolewa, Uchumi kwa mfano, au kiwanda cha kwenu, weka tarehe zake nne hapa chini. Nitazikusanya kwa uzi unaofuata.

Na kama mama yako anakatwa NSSF, muulize kama anajua zimewekezwa wapi.